Lifti ya Mtuhumiwa

Kituo chetu cha polisi kina dawati la jinsia. Naanza na hilo ili asije mtu akasema nimekionea. Dawati lipo, la mbao, limepigwa vanishi mpaka linang'aa, na juu yake kuna kibao kinachosema kwamba mhanga atasikilizwa kwa faragha na kwa heshima. Kilichokosekana siku tuliyokwenda ni mtu wa kukaa nyuma yake tu. Afande mwanamke anayehusika na dawati alikuwa kwenye semina. Semina ya nini? Ya namna ya kuwapokea wahanga.

Nilikuwa nimempeleka mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja. Mimi ni msusi, na wateja wangu watakuambia kwamba mdomo wangu una kasi kuliko vidole. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa ananishinda. Alikuwa akirudi kutoka kazini anaigiza wateja mmoja mmoja, mpaka mama anashika mbavu na kumwomba anyamaze apumue. Siku hiyo alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alikuwa amejifunga mtandio mpaka kidevuni, na jua lilikuwa kali.

Tulielekezwa kwenye benchi la mapokezi. Benchi zuri, imara, jipya. Kwenye mgongo wake yamepakwa maandishi mekundu: zawadi kwa jeshi letu, kisha jina la duka la vifaa vya ujenzi. Mdogo wangu alisoma, akaganda. Lilikuwa duka la mtu tuliyekuja kumshtaki, bosi wake. Rangi ya ukutani ilitoka kwake pia, niliambiwa baadaye, na feni. Kwa hiyo tulikaa kwenye zawadi yake, tukapepewa na zawadi yake, tukisubiri haki.

Mpelelezi tuliyepewa, pale mtaani wanamwita Afande Utaratibu. Jina halisi sijui kama hata mkewe analikumbuka. Ukimwuliza saa, atakuambia kuna utaratibu. Aliketi kwenye meza ya mbali, nyuma kabisa ya kaunta, kwa sababu ndiko feni inakofika vizuri, na sisi akatuacha tusimame mbele ya kaunta pamoja na watu wengine wote waliokuwa na shida zao: mzee aliyepoteza kitambulisho, wanawake wawili waliogombana kwa sababu ya maji machafu, na kijana mmoja mwenye jicho lililovimba ambaye hakuna aliyemwuliza kitu.

"Haya binti," akasema kutoka kule mbali. "Shida nini?"

Mdogo wangu alishika ukingo wa kaunta. "Alinibaka," alisema.

"Eeh?"

"Bosi wangu. Alinibaka."

"Ongeza sauti, binti. Huku nyuma hatusikii."

Yeye hakusikia, lakini mapokezi yote yalikuwa yamesikia. Wale wanawake wawili waliacha kugombana. Mzee wa kitambulisho akainamisha kichwa, na nitamshukuru mpaka kufa kwa ule uungwana. Mdogo wangu akapandisha sauti na kusema tena, neno kwa neno. Nilitaka kuruka ile kaunta. Nikajikaza, maana nikiwekwa ndani mimi, nani angempeleka nyumbani?

Kisha, baada ya kumwambia aseme kila kitu hata kama ni aibu, kwa kuwa ndiyo itakayosaidia kesi, yakaja maswali. Alivaa nini. Kwa nini hakupiga kelele. Alipiga, akajibu, wenye nyumba walikuwa msibani. Kwa nini alikaa siku mbili kabla ya kuja? Kwa nini alioga? Hilo la kuoga lilimkera sana afande, akatikisa kichwa kwa huzuni, utadhani ni yeye aliyeumizwa. "Mnaharibu ushahidi nyie wenyewe, halafu mnatulaumu sisi." Alipomaliza kuandika alisimama akasoma maelezo yote kwa sauti, kwa sababu utaratibu ni kwamba maelezo lazima yasomwe kabla ya mtu kutia sahihi. Sauti yake hiyo haikuwa na tatizo hata kidogo. Kila aliyekuwa na kitambulisho kilichopotea alisikia mahali mdogo wangu aliposhikwa na jinsi alivyoshikwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bosi alikuwa akimfuata fuata kwa muda mrefu, mpaka kwenye nyumba aliyokuwa amepanga kwanza. Mdogo wangu akahama. Alikwenda kupanga chumba ng'ambo ya pili ya mji, ndani ndani huko, na kazini hakumwambia mtu hata mmoja. Aliona amemaliza. Siku ya mapumziko, mchana kweupe, akasikia hodi kwenye kigeti cha nyuma. Bosi amesimama, anatabasamu, anasema amefuata ufunguo wa stoo. Hakuna anayejua nani alimwonyesha njia. Yaliyofuata ameshayasema mara mbili mbele ya umati, na mimi sitayarudia ya tatu.

Bosi naye aliitwa. Samahani, naomba nisahihishe: aliombwa, akipata nafasi, apite. Akapita. Alikaribishwa ofisini kwa mkuu wa kituo, Afande Utaratibu akaingia na karatasi zake kuandika, mlango ukafungwa, na faragha iliyoandikwa kwenye kile kibao hatimaye ikapatikana. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Hajawahi kumgusa huyo binti. Tena hata anakokaa hapajui, hajawahi kukanyaga, wala hajui kama ni mjini au mashambani.

Afande Utaratibu alitueleza hali ya faili kwa upole wa daktari anayetoa majibu mabaya. "Daktari hajaona kitu cha maana, kwa sababu ya kule kuoga. Shahidi hakuna. Wewe unasema alikuja kwako, yeye anasema kwako hapajui. Neno lako kwa neno lake, na neno lake, dada zangu, mnalijua uzito wake. Limebaki jambo moja tu, kukagua eneo la tukio. Nikitoka huko mikono mitupu, mkuu analifunga faili, na mimi sina la kufanya."

Mama alipopata habari hizo alisema tumwachie Mungu. Mdogo wangu alimwangalia, akasema, "Mama, na mimi niachiwe nani?" Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema wiki ile.

Siku ya kukagua eneo tulifika mapema. Gari la kituo lilikuwepo, limeegeshwa pale pale lilipoegeshwa tangu nilipokuwa nasoma. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Afande alituuliza kama tuna namna ya kusaidia usafiri, na nilikuwa bado natafuta jibu lisilonipeleka mahabusu pale gari jeupe, refu, lilipoingia uani na bosi akashuka.

"Nimesikia mna shida ya usafiri," alisema, ufunguo ukining'inia kidoleni. "Twendeni niwapeleke. Mimi sina cha kuficha. Tumalize haya mambo kirafiki, kila mtu arudi kazini."

Nilimtazama Afande Utaratibu nikingoja aangue kicheko. Alikuwa tayari anafungua mlango wa mbele.

"Afande," nikamwita. "Huyo si ndiye mtuhumiwa?"

"Ndiye."

"Na tunakwenda kukagua alikofanyia?"

"Anakotuhumiwa. Dada, kuna lugha ya kutumia." Akafunga mkanda. "Au unataka twende kwa miguu? Jua lote hili?"

Nilimgeukia mdogo wangu nimwambie turudi nyumbani, yaishe, mimi nimeshindwa. Nilishindwa kweli. Lakini yeye aliliangalia lile gari, akaliangalia lile benchi kupitia mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Tusipokwenda, watalifunga." Akaingia nyuma. Nikaingia na kumshika mkono.

Ndani kulikuwa na ile harufu ya manukato ya gari inayokaba koo. Bosi aliwasha kiyoyozi, akarekebisha kioo, macho yake yakatuona mle kiooni. "Mtanielekeza," akasema. "Mie huko hata sipajui."

"Binti ataelekeza," alisema afande, akafungua gazeti kwenye ukurasa wa michezo.

Barabara kubwa haikuhitaji maelekezo. Tulikwenda, bosi akisimulia jinsi saruji ilivyopanda, afande akiitika bila kuinua kichwa. Kisha simu ya bosi ikalia. Ilikuwa dukani, mzigo wa nondo ulikuwa umefika pungufu na vijana walikuwa wameusaini. Akakasirika. Akaiweka simu sikioni kwa mkono mmoja, usukani kwa mwingine, akaanza kuwafokea.

Mbele kidogo barabara inagawanyika mara tatu, na hakuna kibao. Nilimsikia mdogo wangu anavuta pumzi aseme, kwa ule utii wa kijinga tuliolelewa nao wa kumwelekeza mgeni. Bosi akakunja kushoto.

Kushoto ndiko.

Nilimbana mkono. Akanitazama. Nikamtikisia kichwa kidogo tu: nyamaza. Sijawahi kumwomba mdogo wangu anyamaze kwa moyo mweupe namna ile.

"Mmehesabu au mmeangalia tu?" bosi alikuwa anafoka. "Nimewaambia mara ngapi?" Tukafika mahali ambapo barabara imechimbwa kwa ajili ya mabomba, likaachwa shimo na wenyewe wakatoweka. Mgeni yeyote hugeuza pale. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niligeuza, nikazunguka mtaa mzima, nikampigia simu mdogo wangu huku natukana, akaja kunichukua. Kumbe kuna kichochoro nyuma ya mashine ya kusaga, chembamba, ukikiangalia utadhani kinaishia ukutani. Bosi hakupunguza hata mwendo. Akakunja nyuma ya mashine, akapita kati ya kuta mbili gari likikaribia kukwaruzika, akakwepa jiwe lililofichwa na majani, akatokea upande wa pili. Mdomo wake ulikuwa dukani, mikono yake ilikuwa inajua inakokwenda.

Nilimtazama afande. Timu yake ilikuwa imefungwa, kwa jinsi alivyokuwa amenuna.

Nyumba ile ina geti kubwa mbele, la buluu, linaloonekana na kila mtu. Bosi aliliacha. Akazunguka, akasimama nyuma, kwenye kigeti kidogo cha bati, akazima gari. "Nitawapigia," aliiambia simu, akashuka.

Tukashuka na sisi. Afande alikunja gazeti, akajinyoosha. "Tumefika?" akamwuliza mdogo wangu.

"Tumefika," mdogo wangu akajibu.

Kutoka kigetini kwenda uani kuna ngazi chache za matofali. Afande Utaratibu alitangulia kama mkubwa wa msafara, mguu ukanyanyuka, na bosi, ambaye ni mtu wa adabu zake, akamshika kiwiko.

"Angalia ya pili hiyo, mkuu. Inacheza, itakuangusha."

"Ahsante, bosi," alisema afande. Akairuka ngazi ya pili, akaingia uani na kuanza kuangaza macho huku na huko akitafuta ushahidi.

Nimeona mambo mengi. Nimesuka maharusi walioachwa siku hiyo hiyo, kichwa bado kina moto. Lakini sikuwahi kuona ushahidi unamshika mtu kiwiko, unamsaidia apande ngazi, na yeye anauambia ahsante. Nilifungua mdomo. Hasira zilikuwa nyingi mno, hakuna neno lililotoka.

Aliyesema ni mdogo wangu. Alikuwa amebaki chini, upande wa kigeti.

"Afande. Umemshukuru. Sasa mwulize amejuaje."

Afande akageuka. "Nani amejuaje nini?"

"Kwamba ya pili inacheza."

Kuku wa wenye nyumba alipita katikati yetu. Afande aliiangalia ile ngazi. Akashuka, akaikanyaga kwa ncha ya kiatu, nayo ikayumba. Ukiiangalia kwa macho haina kasoro. Huwezi kujua mpaka uikanyage.

Bosi alicheka. "Ngazi za nyumba hizi za kupanga zote si zinacheza?"

"Hukusema zote," mdogo wangu alisema. "Ulisema ya pili. Nawe uliikanyaga siku ile, ukajishika ukutani, ukatukana. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni."

Sasa na mimi ulimi ukafunguka. "Na njia? Uliomba tukuelekeze. Nani amekuelekeza? Nani amekwambia kuhusu kichochoro cha mashine? Na geti la nyuma?"

"Si afande alikuwa ananielekeza."

Hapo alikosea. Angesema ni sisi, tungebishana mpaka jioni, neno letu kwa neno lake. Lakini alimtwisha mtu aliyekuwa anasoma michezo, na mtu huyo alijijua vizuri kwamba hajui hata alipo.

"Mimi?" alisema Afande Utaratibu. Taratibu kabisa, kama kawaida yake. Aliangalia gari, akaangalia kichochoro, akaangalia kigeti. Niliona kitu kikipanda usoni mwake, na simsingizii kwamba kilikuwa huruma. Ilikuwa aibu ya mtu mzima aliyefanywa mjinga mbele ya wanawake. "Bosi, ulisema kwamba huku hupajui. Maelezo nilikuandikia mimi mwenyewe."

"Afande, tuongee pembeni."

"Naomba ufunguo wa gari."

"Tuongee kwanza, ndugu yangu..."

"Ufunguo."

Bosi akautoa, akamtupia kwa dharau. "Haya. Unajua kuendesha?"

Afande aliutazama ule ufunguo. "Sijui," alisema.

Basi tukarudi kwa miguu. Gari jeupe tuliliacha pale kwa kuku. Bosi alitangulia, afande kamshika mkono, viatu vyake vinavyong'aa vikichota vumbi la kichochoro, na watu kwenye mashine ya kusaga wakatoka nje kutazama. Wengine walimsalimia kwa mazoea, kisha wakaona ule mkono ulivyoshikwa, salamu ikawafia mdomoni. Simu yake iliita njia nzima. Ilikuwa mara ya kwanza ukosefu wa mafuta kituoni kumsaidia raia.

Nikadhani tumemaliza. Nilisahau kwamba lazima iandikwe.

Tulipofika, bosi akiwa ameketi kwenye benchi lake mwenyewe, Afande Utaratibu alikwenda kwenye meza yake ya mbali, akachukua kalamu, akaandika tarehe. Kisha kalamu ikasimama. Alifuta paji la uso. Akatuita karibu, na kwa mara ya kwanza akawa na sauti ya kunong'ona.

"Dada zangu. Hapa mwanzo tuweke tu kwamba tulifika eneo la tukio. Ya usafiri tuyaache."

"Kwa nini?" niliuliza, ingawa nilishaelewa.

Alitupia jicho mlango wa mkuu wa kituo, ambao ulikuwa wazi kidogo, na kwenye ule uwazi kulikuwa na sikio. "Nitaandikaje kwamba nilipanda gari la mtuhumiwa? Nina watoto. Nitafukuzwa."

Kumbe utaratibu alikuwa anaujua siku zote. Nilijiandaa kumwambia yote niliyoyahifadhi tangu siku ya kwanza, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Mdogo wangu akaniwekea mkono begani.

"Bila gari hakuna njia," alimwambia afande. "Bila njia, ngazi peke yake atasema alibahatisha. Mimi uliniambia niseme kila kitu hata kama ni aibu, kwa sababu ndiyo itakayosaidia kesi. Nikasema. Sasa na wewe andika yako."

Mlango wa mkuu ukakohoa. Afande hakuinua kichwa. Aliiweka kalamu chini, nikaanza kuamini kwamba tumeshapoteza. Kisha akaiokota, akainama akaandika. Aliandika kwa nguvu, karatasi ikikwaruza, na hakusimama mpaka alipofika kwenye ngazi. Alipomaliza alimsogezea mdogo wangu kalamu.

"Weka sahihi ya shahidi."

"Kuna utaratibu," alisema mdogo wangu. "Husomwa kwanza."

Akamwacha pale mezani. Akapita mbele ya kaunta, akawapita watu wa siku hiyo na shida zao, akapita mbele ya bosi bila kugeuza uso, akaketi mwisho kabisa wa lile benchi, chini ya maandishi mekundu. Akafungua mtandio, akauweka mapajani.

Afande Utaratibu alisimama. Alishika karatasi kwa mikono miwili, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesali peke yake. "Mimi, mpelelezi wa kesi hii, nilikwenda eneo la tukio kwa gari la..."

"Ongeza sauti, afande," alisema mdogo wangu. "Huku nyuma hatusikii."